Mshenga Aliyegoma Kukaa

Naanza na aibu yenyewe msije mkaisikia kwa wengine: nilikwenda Vihingo kumposea mke mpwa wangu Idrisa, nikagoma kukalia mkeka wa wakwe.

Mimi nanunua mbuzi Magindu nauza Kongowe, kila mbuzi namhesabu mara mbili, na kwa kupatana bei sina mpinzani, ndiyo maana ukoo ukanituma. Tatizo nilikuwa na jipu kalioni (msicheke bado), gumu, halijaiva, nikajiambia nikilikamua asubuhi mchana nitakaa kama watu, basi nikalikamua, likatoa damu kidogo, na hadi tunafika huko Vihingo, Kisarawe, limetuna kama ngumi (nilipapasa mara mbili kuhakikisha) na mwili unachemka.

Mzee Sefu, baba wa binti, akatukaribisha mkekani. Nikasema nimezoea kusimama. Akatukaribisha tena, nikasema tumalize upesi, mbuzi wangu wananisubiri. Idrisa akafumba macho.

"Mshenga," mzee akasema taratibu, "mkeka huu aliukalia babu yangu. Kama haukufai, rudini na posa yenu."

Nikamtazama Idrisa, machozi yanamlenga, nikaona bora niaibike mimi. Nikalitaja jipu mbele ya wazee wote. Kina mama nyuma ya pazia ndio walioanza kucheka.

Shangazi wa binti, ambaye ni muuguzi, akanipeleka chumbani, akalitazama.

"Umekamua?"

"Kidogo tu."

"Kaka, mwili una askari wake wa mwanzo. Hawamuulizi mdudu jina, wakiona tu ana alama ambazo mwili wetu hauna, wanammeza na kuita wenzao. Uvimbe na joto ni wao wanafika, usaha ni wao waliofia hapo. Walishamzingira, wewe ukabomoa ukuta ukamsukumia ndani."

Akaniwekea kitambaa cha maji ya moto, akasema nikitoka pale moja kwa moja zahanati, homa ile si ya kupatana nayo.

Nikarudi, nikalala kifudifudi juu ya mkeka wa babu, kidevu kwenye mto, nikajadili mahari hivyohivyo (na nilishusha, msidhani). Mzee Sefu alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu sasa kakaa," akasema, na posa ikapita.

Tangu hapo jipu silikamui, nawaachia askari wenyewe na muuguzi. Ila siku ya harusi wageni wote walipangiwa viti, mimi nikakuta nimetandikiwa mkeka uleule, na mto wa kidevu juu yake.