Mpagazi Aliyeachwa Mtoni

Nilipostaafu ofisi ya mifugo hapa Mpwapwa, mke wangu alinivumilia wiki mbili tu. Ya tatu akasema, "Baba watoto, tafuta kazi, la sivyo nitakutafutia mimi." Nikanunua kauntabuku. Vilima hivi na mito hii ya mchanga nimeizunguka maisha yangu yote nikichanja ng'ombe. Nani angeijua historia ya hapa kunizidi?

Nikaanza na ukoo wetu. Niliandika kwamba baba yake babu alimiliki kisima pale mtoni, na misafara ya pwani haikunywa hata tone mpaka itoe ushuru wa vitambaa. Nikamsomea shangazi, kifua mbele, naye anamenya karanga. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Mwanangu, mwandiko mzuri, uongo mtupu! Kisima cha mchangani mto unakifukia kila mvua. Mwenyewe ni yule anayekichimba mwaka huo. Na babu huyo alikuja kama mpagazi wa msafara. Aliugua, wenzake wakamwacha palepale mchangani. Binti wa hapa akamnywesha maji, ndiye akaja kumzaa babu yenu. Alipopona akashika jembe, akachimba visima na wenyeji kila kiangazi mpaka uzee."

Mimi nilifurahi, sitaficha. Hadithi hii ilikuwa tamu kuliko yangu. Kaka yangu mkubwa alipopata habari, alikuja amefura, akanikuta kwa shangazi.

"Ukiandika hilo, usikanyage kwangu! Tunalima hapa kama wenyeji, leo unataka tuitwe mabaki ya msafara?"

Iliniuma sana, maana kaka ndiye aliyenisomesha. Lakini na mimi nina kichwa changu.

"Kaka, nakuheshimu, ila naandika. Mkataa kwao mtumwa. Yule alichimba maji ya watu hawa maisha yake yote. Mwenyeji gani anamshinda?"

Kaka alichukua kofia yake, akafika mlangoni, akamgeukia shangazi.

"Huko kwao aliitwa nani?"

Shangazi aliacha karanga.

"Hakuna aliyemuuliza, mwanangu. Walimwita Mgeni mpaka wanamzika."

Kaka alirudi akaketi. Aliweka kofia mapajani, akajifuta macho kwa kiganja.

"Mtu ametuzaa sote," alisema, "tukamwita Mgeni." Akanisogezea kauntabuku. "Andika. Na hilo liandike."