Kipa Aliyebebwa kwa Kipoyi

Siku kipa wetu alipovunjika mguu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumfikia, na watu wote wakasema nina moyo mzuri. Moyo mzuri wapi! Nilikimbia kwa sababu nilitaka kuona kama ni mguu kweli, au ni kifundo tu kilichoteguka, ambacho mkewe angekikanda kwa maji ya moto na Jumapili inayofuata mtu akarudi golini. Nilipoona ulivyopinda chini ya goti, nikapiga magoti nikamshika mkono. Moyoni nilikuwa tayari nimevaa glavu zake.

Sisi ni timu ya wazee wa parokia yetu huku Kadutu, maveterani kama tunavyoitwa: walimu, makarani, wauguzi, na fundi cherehani mmoja ambaye ndiye kocha. Tunacheza Jumapili baada ya misa ya kwanza, kwenye uwanja wa vumbi wenye mawe yasiyoisha hata tukiyaokota vipi. Kipa wetu ni prefe, mkuu wa shule ya sekondari. Amezoea kunyamazisha ua mzima wa wanafunzi kwa kukohoa tu, na golini alikuwa hivyo hivyo. Mimi nafanya kazi katika ofisi moja kule Nguba, na kwa miaka mingi nilikuwa kipa wa pili.

Ukipa wa pili ni kazi ya ajabu. Mshambuliaji wa akiba huingizwa wenzake wakichoka, lakini kipa wa akiba haingii mpaka mtu aumie. Kwa hiyo unakaa kando ya uwanja unamtazama mwanaume mwenzako mwenye afya njema, na hujui umwombee nini kwa Mungu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nikangoja. Na siku aliposhuka, alishuka kwa kishindo, juu ya jiwe, huku mpira ameukumbatia. Hata kuvunjika alivunjika vizuri, goli halikuingia.

Mimi nilidhani mtu akitoka golini, nafasi inabaki wazi. Jumapili ya kwanza bila yeye nilifunguka macho. Beki wetu wa kulia, ambaye zamani alikuwa akirudisha mpira kwa kipa bila hata kugeuka, sasa alikuwa akinitupia jicho, anafikiri, halafu anaubutua mpaka kwenye paa za watu. Mabeki wa kati walirudi nyuma karibu wanikanyage. Viungo, kwa kuona mabeki wana hofu, nao wakarudi. Mbele alibaki mshambuliaji mmoja peke yake, mwalimu wa jiografia, mikono kiunoni, kama mtu aliyeachwa na basi. Tulifungwa. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Walisema tu, "Prefe angekuwa hapa." Walisema wakati wa kuvua viatu, wakasema tena tukinywa kasiksi, na pombe yenyewe ikawa chungu kinywani mwangu.

Halafu wakaamua kumleta prefe uwanjani. Kwao ni Cimpunda, kwenye nyumba zilizobanana mlimani, ambako njia ni ngazi za udongo, pikipiki haifiki. Kwetu mgonjwa wa mahali kama hapo hubebwa kwa kipoyi: kiti kinafungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanaiweka begani, na wanaobeba ni wale walio karibu naye zaidi. Ni heshima, huwezi kumnyima mtu. Basi kila Jumapili mabeki wetu wanne waliteremka kwa prefe wakiwa wameshavaa jezi, wakampandisha mlima wote ule na plasta yake mpaka uwanjani, wakamweka kando ya goli langu. Watu njiani walipiga vigelegele. Akina mama walitoka mlangoni wakimpungia mkono. Askofu mwenyewe hapokelewi hivyo.

Mimi nilikuwa nafika kwa miguu yangu, na hakuna aliyeniona nikifika.

Na kutoka kwenye kile kiti akawa anaendesha timu. "Musogee! Mufunge huko kuliya!" Nami nikipiga kelele nyuma ya mabeki wangu, wao wanageuza shingo kumtazama yeye kwanza. Halafu kila mechi tukawa tunafungwa mapema, kabla hata jasho halijatoka. Wote wakajua sababu, sababu ni mimi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nyuma yao, nikiona mabega yao. Beki wa kushoto alikuwa akiruka kupiga kichwa anashika shingo. Yule mrefu wa katikati alikuwa akihema kabla ya filimbi. Watu wenye miaka arobaini na zaidi wanapanda mlima na mtu mzima begani, halafu unawaambia wakimbize mpira!

Nilimwambia kocha mbele ya wote.

"Kocha, hawa batu banachoka na kipoyi. Bafike bila muzigo, bapumzike. Wengine njo babebe prefe."

Yule beki mrefu akacheka. "Papa, weye uko na wivu tu. Hautaki tumubebe mukubwa wetu."

Wakacheka wote. Wivu nilikuwa nao, tena umenijaa mpaka kooni. Lakini mwenye wivu naye huweza kusema kweli, tena huona mengi, kwa sababu hafumbi macho.

Ikakaribia sikukuu ya parokia, ambapo kila mwaka tunacheza na majirani zetu kugombea mbuzi. Kocha aliniita pembeni, akashika jezi yangu akitazama mshono wake, maana fundi hawezi kuongea na mtu bila kumkagua nguo. "Usikasirike, papa. Tukipoteza ule mbuzi, nitaomba kipa mumoja wa Nyawera, anauzisha viatu kule sokoni. Iko na mikono mizuri." Maana yake nirudi benchi, nimtazame mwingine tena mwenye afya njema, mpaka nizeeke. Usiku huo sikula.

Jumapili ya mbuzi niliwahi mimi. Nilichukua watu watatu wa benchi, tukashuka Cimpunda kabla ya misa, tukamkuta prefe anakunywa chai. Akashangaa. Nikamwambia mabeki wametutuma. Nikaweka mti begani mwangu mwenyewe, upande wa mbele, nikambeba. Mtu mzito yule! Na njia nzima watu wanampungia, vigelegele vilevile, na mimi chini yake natokwa jasho la Jumapili ndani ya shati safi. Kila ngazi niliikanyaga kwa hasira. Sikuwa nambeba kwa upendo, nilikuwa nawapumzisha mabeki wangu.

Katikati ya mlima akainama akaniambia sikioni, kwa upole, "Papa, kukiwa penaliti, yule capitaine wao anapiga siku zote kushoto kwako. Usikimbie mbio. Ngoja kwanza."

Nilitamani nimwangushe.

Mabeki walipomkuta ameshafika, walinuna, kwani nilikuwa nimewanyang'anya heshima yao. Lakini siku hiyo walicheza. Beki wa kushoto aliruka bila kushika shingo, yule mrefu akapanda mpaka katikati ya uwanja, viungo wakamfuata, na mwalimu wa jiografia akapata wenzake huko mbele na akafunga. Mimi nilikuwa na kazi ndogo, na mabega yaliyokuwa yakiwaka moto. Karibu na mwisho beki wetu mmoja akashika mpira kwa mkono ndani ya boksi. Penaliti.

Nahodha wao akauweka mpira. Nilikuwa na nia ya kuruka kulia, ili tu nisimsikilize prefe. Nakwambia ukweli, miguu yangu ilikuwa imeshaelekea huko. Halafu nikamwona yule muuza viatu wa Nyawera akilini mwangu, amevaa glavu zangu. Nikangoja. Nikaenda kushoto. Mpira ulinigonga kwenye kiganja na ukatoka nje, na filimbi ikalia muda mfupi baadaye.

Nikasimama na mikono juu. Wakaja mbio wote, mabeki mbele, midomo wazi, nami nikafungua mikono kuwapokea. Wakanipita. Walinipita kulia na kushoto, wakaenda kwenye kiti, wakamwangukia prefe, mmoja anabusu plasta, mwingine analia. "Njo ye! Njo ye alituombea!" Mimi nilibaki golini na mikono yangu imefunguliwa.

Prefe akawasukuma kwa gongo. Akapaza ile sauti yake ya shuleni. "Haiko mimi! Muko na macho? Muende kwa ule, njo ye alishika!"

Wakageuka papo hapo, kama wanafunzi. Wakaja kwangu, wakaninyanyua juu, wakaimba jina langu, beki mrefu akanipa bega lake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kubebwa na watu hao, na hata hilo alikuwa ameniagizia yeye. Kutoka juu nikamtazama. Alikuwa amebaki peke yake kwenye kiti chake, anapiga makofi. Nikamchunguza uso vizuri, nikitafuta wivu kidogo, hata tone, kwa sababu naujua unavyokaa machoni na pembeni mwa mdomo. Hakuwa nao. Alikuwa anafurahi tu.

Hilo sijamsamehe mpaka leo.