Mama Furu na Sanduku la Maandazi

Jumapili iliyopita mwanangu alinipigia simu kutoka Mwanza kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Amenunua tangi la vioo la kufugia samaki, ameliweka sebuleni, amelijaza samaki wadogo wa rangi za kupendeza, na ameliremba kwa ngome ya plastiki na meli ya plastiki iliyozama. Sasa jike mmoja hali. Amejibanza nyuma ya ngome na kidevu kimemvimba.

"Muuzaji amenipa dawa ya kumwagia, Mama. Niiweke sasa hivi?"

"Ukithubutu," nikamwambia, "nakuja huko kwa miguu."

Nadhani alikuwa anajiuliza mama yake, mkulima wa migomba wa Ngara, anajua nini habari za samaki wa sebuleni. Mimi nikaketi kwenye kigoda jikoni nikacheka mpaka maharage yakaungua. Na wewe sogea hapa nikuhadithie, maana yule kijana mpaka sasa hajui amemuuliza nani.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Kwetu Kasulo, hapa Ngara, watu bado huhesabu hivyo: kabla ya wakimbizi, wakati wa wakimbizi, baada yao. Barabara tuliyoizoea kwa baiskeli na mbuzi ilijaa malori ya msaada yanayokwenda kambini Lukole, na ukilala ulisikia gia zikibadilishwa mlimani kama mtu anayesafisha koo. Bibi yangu, aliyenilea, alikuwa na sanduku la vioo la kuuzia maandazi pale barabarani. Basi madereva na matingo wao waliyagombania maandazi yakiwa bado kwenye karai, hayakupata hata nafasi ya kuingia sandukuni. Sanduku likakosa kazi, likawekwa barazani, na kuku mmoja akaanza kutagia ndani.

Siku hizo mwalimu wetu wa sayansi alituchorea ubaoni tangi la samaki. Alichora mchanga chini, mawe, majani, na samaki wanaopita katikati kama watu wa sokoni. Alisema aliliona chuoni. Darasa zima lilicheka, kwa kuwa samaki tuliyemjua alikuwa dagaa mkavu au kipande cha sangara, na hakuna kwetu aliyewahi kumtazama samaki kwa furaha bila sufuria kuwa karibu. Mimi sikucheka. Jioni ileile nilimfukuza kuku sandukuni.

Bibi alikubali kuniazima sanduku kwa sababu alidhani nitachoka upesi. Aliyenisaidia alikuwa rafiki yangu wa kambini, msichana wa rika langu. Mama yake alikuwa akija kumlimia Bibi kwa malipo ya ndizi na mihogo, maana mahindi ya njano ya kambini yalikuwa yamewachosha. Kirundi chao na Kihangaza chetu ni ndugu wa tumbo moja, tulielewana tangu siku ya kwanza, ila yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Alikaa kivulini akimsubiri mama yake, kisha wakarudi. Lakini nilipomweleza habari ya tangi, kesho yake alikuja na kipande cha shitingi, lile turubai la plastiki walilofunikia vibanda vyao, amekikunja ndani ya kitenge.

"Maji hayapiti hapa," akasema. "Hata mvua ya mawe imeshindwa."

Tuliitandika shitingi chini na kuipandisha pande tatu, tukaacha kioo cha mbele wazi. Pembe tuliziziba kwa lami tuliyoibandua kando ya barabara na kuilainisha kwa moto, na kwa wiki nzima vidole vyetu vilinuka kama lori. Maji tulitia nusu tu, mbao za fremu zisije zikaachia. Mchanga tuliuosha kijitoni mpaka mikono ikakunjamana. Kila tulipodhani umetakata, rafiki yangu aliuchota, akautazama, akasema "Oya," yaani hapana, tukaanza upya.

Halafu akaanza kupamba, na hapo ndipo nilipomjua. Mimi nilitaka kurundika mawe katikati kama kwenye mchoro wa mwalimu. Yeye alinisogeza kwa kiwiko. Alichomeka vijiti vya mafunjo kwenye mchanga kwa mviringo, akaacha mwanya mbele, akapanga mawe meupe madogo kuwa njia inayoingia. Ndani ya ua akaweka mawe matatu ya jiko. Nyuma akalaza kipande cha chungu kilichovunjika, tumbo juu, kikawa nyumba. Pembeni akapanda majani ya majini kwa mstari, na nilipomuuliza ni nini akaniambia ni migomba. Alikuwa ameujenga mji wa kwao, rugo lenyewe, yaani boma la nyumba yao, pamoja na lango lake. Hakulia wala hakueleza. Alikaa tu akiurekebisha ua huku akiimba puani, na mimi nilifurahi hadi nikaogopa kupumua.

Samaki tuliwapata kwenye mafunjo ya bondeni, kwa kipande cha chandarua. Walikuwa furu wadogo, wengine wanawaita samaki wa watoto kwa sababu hakuna mtu mzima anayejisumbua kuwapika. Ukimwona furu bondeni ni wa matope tu. Mtie nyuma ya kioo, jua la asubuhi limpige, uone! Dume alikuwa na midomo ya buluu kama amekunywa wino, mwili wa dhahabu, na doa jekundu kwenye pezi la chini. Majike yalikuwa ya kahawia, hayana makuu. Tuliwalisha viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la Bibi.

Wa kwanza hawakuishi hata juma. Aliyewaua ni Bibi, tena kwa upendo. Kijijini kulikuwa na hofu ya kuhara damu, na mama wa afya alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akigawa vidonge vya kusafishia maji na kuonya kwamba kiumbe yeyote wa nyumba hii asitumie maji yasiyotiwa dawa. Bibi alikuwa mtii sana kwa mtu mwenye sare. Tuliporudi kutoka kijitoni tulikuta samaki wanaelea matumbo juu, na Bibi amesimama na pakiti tupu mkononi.

"Niliwaonea huruma," akasema. "Na wao si wana matumbo?"

Alihuzunika kuliko sisi. Alisali rozari, akataka kuyanyunyizia maji mapya maji ya baraka, na hata hayo nikamkatalia. Ila alikasirika pia, kama wanavyokasirika watu wenye aibu, na hapo ndipo jirani yetu alipoingia. Jirani alikuwa Msukuma aliyehama na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, akakaa Runazi kidogo, akaishia kwetu, na sasa alikuwa amefungua kaduka. Alilitaka lile sanduku ili awekee biskuti zake.

"Mayu," akamwambia Bibi, hivyo ndivyo alivyomwita kwa heshima, "sisi tunafuga kitu chenye maziwa. Hii ni mboga mnaichekea tu."

Bibi akatoa hukumu palepale. Tungejaribu mara moja ya mwisho. Samaki wakifa tena, hata mmoja, sanduku linakwenda kwa jirani. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anaangalia ule ua wa mafunjo ndani ya maji, na nilijua sanduku likiondoka atarudi kukaa kivulini akisubiri.

Tulileta furu wengine, dume mmoja na majike kadhaa, na maji ya kijito chenyewe. Mambo yakaenda vizuri mpaka jike mmoja akaacha kula. Kidevu kilimvimba, akaingia ndani ya kile kipande cha chungu na kutoka kwa shida. Viluwiluwi vilimpita puani hakuvigusa.

"Matubwitubwi," Bibi akasema. "Huyo ana matubwitubwi. Atawaambukiza wenzake."

Jirani alianza kuja kila jioni kumjulia hali mgonjwa. Sijaona mtu mwenye furaha ya namna ile kitandani pa mgonjwa. Alisimama, akakohoa, akasema pole, akalipima sanduku kwa shubiri. Mwalimu naye alikuja, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akachuchumaa mbele ya kioo kwa muda mrefu. Alisema samaki anaowajua yeye hutaga mayai kwenye majani, huyu hajui ana nini, ila yeye angengoja. Nilimpenda kwa neno hilo. Watu wazima wengine wote walikuwa na dawa: majivu, chumvi, hata mkojo wa ng'ombe.

Rafiki yangu alikataa zote. "Mtazame," aliniambia, pua yake imebandikwa kwenye kioo. "Anatafuna, lakini hali. Mgonjwa hatafuni hivyo. Ana kitu anakitunza." Wakati Bibi alipokuja na kijiko kumtoa, yule msichana wa maneno machache alisimama mbele ya sanduku, akafungua mikono. "Oya, Bibi. Oya!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. Bibi alibaki na kijiko chake hewani, kisha akasema basi, tungoje mpaka siku ya gulio; asipopona, sanduku linakwenda.

Siku ya gulio jirani alifika mapema na baiskeli na kamba ya kufungia. Barabara ilikuwa imejaa watu wenye vikapu, na wengi walisimama, maana habari za samaki mwenye matubwitubwi zilikuwa zimefika mbali kuliko sisi. Mama wa rafiki yangu alikuwapo, jembe begani. Jirani akanyoosha mikono kulishika sanduku.

Hapo jike akatoka. Alipita ua mzima taratibu, mpaka kwenye lango la mawe meupe, akafungua mdomo. Moshi ukamtoka. Ndivyo nilivyoona, moshi mdogo, halafu moshi ukawa macho, macho matupu, na kila jozi ya macho ikawa na mkia. Walikuwa watoto. Wakatapakaa ndani ya ua, juu ya mawe ya jiko, kati ya migomba.

Jirani akainama aone vizuri. Kivuli chake kikaangukia maji, na kufumba na kufumbua watoto wote wakarudi mbio, mama akapanua mdomo, wakaingia wote.

"Yesu na Maria!" Bibi akapiga yowe. "Anawala watoto wake!"

Umati ukaguna. Lakini rafiki yangu alimshika jirani mkono, akamvuta nyuma kama ndama, kivuli kikaondoka. Tukangoja. Jike akatazama huku na huku, akafungua mdomo tena, na wakatoka wote, wazima, wakaendelea kucheza palepale walipoachia.

Sijui kelele ile nikueleze vipi. Watu walipiga vigelegele kama harusini. Dereva mmoja aliyekuwa akila andazi alipiga honi bila sababu. Mimi nilirukaruka, rafiki yangu akaruka nami, akicheka kwa sauti ambayo sikujua anayo. Na jirani, yule yule, alitupa kamba yake chini akaanza kuwaita wapita njia: "Njooni muone! Njooni muone samaki anayezaa kwa mdomo! Ni wa hapa kwetu!" Tangu siku hiyo alijiona mwenye hisa, biskuti zake zikakaa kwenye ndoo, na yeyote aliyesema samaki ni mboga aligombana naye.

Watu walipopungua, mama wa rafiki yangu alibaki. Alichuchumaa mbele ya kioo, jembe likiwa bado begani. Alitazama wale watoto wakiingia na kutoka. "Ningekuwa na mdomo kama huu," akasema, "ningewabeba wote." Bibi aliinuka. Alikwenda kwenye karai, akamletea andazi la moto, wakakaa pamoja barazani mpaka jua likawa kali.

Sanduku halikuondoka. Tulifuga furu mpaka tukamaliza shule ya msingi, na watoto wa watoto wao tuliwarudisha bondeni. Kisha rafiki yangu na mama yake walirudi kwao pamoja na wengine, kwa malori, asubuhi ya mvua. Leo Lukole ukipita utaona vichaka na mashamba, na mtoto wa pale hajui kwamba kulikuwa na mji. Bonde limelimwa mpunga. Bibi tulimzika. Jirani ni mzee sana, na bado akinikuta njiani ananiuliza samaki hawajambo.

Jana usiku simu ililia tena. "Mama! Wametoka! Wametoka mdomoni, wengi, halafu wakarudi, nikadhani amewala—"

"Kisha wakatoka tena," nikasema.

"Umejuaje?"

Nilimwambia aitupe ile ngome, atafute vijiti na mawe meupe, nitamwelekeza jinsi ya kupanga. Halafu nikatoka nje. Huko ng'ambo ya mpaka kuna mwanamke wa rika langu ambaye simu yake sina, na pengine ana wajukuu. Niligeukia upande wa kwao, nikapaza sauti kama siku ile ya gulio, na majirani waliosikia na waseme wanavyotaka. "Wametoka!" nikamwambia. "Wote, na ni wazima!"