Aliyenisubiri Nje ya Kanisa

Nyie vijana mtakaosoma haya, mnaosalimiana mambo na poa hata mbele ya bibi zenu, sikilizeni kwanza. Siku hizi nawasikia mkibishana kama mtu asiyemwamini Mungu naye ana dini yake. Mnabishana kwa raha, kama mnabishania mpira. Mimi niliishi na mtu huyo nyumba moja, nikampikia, nikamzalia. Shule yangu ni darasa la nne, lakini jambo hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Babu yenu alibatizwa, na tukafunga ndoa kanisani, hapa hapa Sumbawanga. Kisha akaacha. Hakugombana na padri wala hakufiwa. Alisema tu, tukipukuchua mahindi, "Mama watoto, mimi naona huko juu hakuna mtu." Akaendelea kupukuchua. Nikadhani ni mzaha wa siku moja. Mizimu nayo hakuitaka. Alisema kama yule mmoja hamwoni, hao wengi atawaonaje.

Lakini zaka yangu ya mavuno aliibeba yeye. Kila mwaka, ulezi na maharage, anafunga gunia nyuma ya baiskeli kwa mpira, tunatembea kutoka kwetu Kasense mpaka kanisani. Analishusha mlangoni, analiegemeza, anarudi kusimama ukutani, upande usio na upepo, kola ya koti la mtumba kaisimamisha. Misa nzima. Nikitoka namkuta. Watu wa jumuiya yetu walimtania, "Shemeji, dini yako ni baiskeli?" Anajibu, "Afadhali hii ina breki."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara na vyama vilipofunguliwa. Ghala la ushirika alikofanya kazi lilifungwa, wanunuzi wa mahindi wakawa wanapanda kutoka Laela na magari yao, na makanisa mapya yakaja na vipaza sauti, pale pale sokoni, jirani na mitumba. Kila mtu alikuuliza uko wapi: chama gani, kanisa gani. Kusema hupo kokote ilikuwa kama kutembea bila nguo.

Jumuiya ilisali nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika, babu yenu alitoa viti mwenyewe, kisha akaenda jikoni kuchochea moto wa chai. Siku moja alikuwepo mwalimu kijana, mtu wa Mbeya, mpangaji wetu. Hakuwa wa kanisa letu, alifuata chai. Sala ilipokwisha akasema, "Mzee, shikamoo tena. Kutoamini nako ni imani. Hiyo yako ni dini kama ya mama."

Nikashika kikombe nisinywe. Mjue nilichokuwa natafuta. Nilitaka kumwona tena tukishakufa. Kama ile yake ilikuwa dini, hata iwe mbaya, basi Mungu angeweza kumweka pamoja na wenye dini waliopotea njia. Kama haikuwa dini, nitamtafuta wapi?

"Mwalimu," akasema babu yenu, "mimi pombe sinywi. Kwa hiyo niko kilabu gani?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakukubali. "Lakini mzee, asiyekunywa hasimami nje ya kilabu kila mwaka."

Wakacheka zaidi, na babu yenu pia. "Hapo umenishika. Ila pale namsubiri mke wangu."

Kesho yake shambani, tukiinua yale matuta yetu ya duara ya kufukia majani, nikamwambia, "Ungekubali maneno ya mwalimu, ungepungukiwa nini?"

"Ningekuwa nimekudanganya. Umewahi kunishika na uongo?"

"Bado."

"Basi usinifundishe uzeeni." Akageuza nyasi, akazifunika udongo, akapigapiga juu kwa jembe. "Mimi nikifa nitakuwa hapa, udongoni. Ukila mahindi utanikumbuka."

Nikasema nataka zaidi ya mahindi. Alihamia upande wangu akanimalizia kazi yangu.

Nimelipima swali lenu miaka mingi, peke yangu. Kwangu mimi dini, ukiacha mengine yote, ni kuwa na wa kumwita ukizidiwa. Yeye alipozidiwa hakumwita Mungu, hakuita mizimu, na huko kutoamini kwake hakukuwa na mtu ndani wa kuitika. Aliniita mimi. Kwa hiyo si dini. Natamani ingekuwa. Hadi leo nikitoka misa macho yanakwenda ukutani kabla sijasalimia mtu.

Alizidiwa na kifua, kipindi cha baridi. Watoto wakaja wote. Binti yetu mkubwa akanivuta uani. "Mama, tumwite padri ampake mafuta. Tuseme aliamini kimoyomoyo. Zaka si alikuwa anabeba yeye? Sasa hivi hana nguvu ya kubisha."

Nilitaka. Hakuna aliyetaka kuliko mimi. Mafuta kidogo tu kwenye paji la uso, na ningekuwa na mahali pa kumtafuta. Nikamsikia chumbani anakohoa, kisha sauti ile ndogo, "Mama watoto."

Kabla sijaingia kwake nikawaambia wote: "Padri akija mpeni kiti na chai, amjulie hali kama mgonjwa mwingine. Mafuta yasifunguliwe, na asitokee mtu wa kusema baba yenu aliamini. Baiskeli iingizeni ndani, isilale kwenye umande. Na yeye akiita, msikimbilie kwa mwingine. Niiteni mimi."