Ukurasa wa Chura

Mwalimu wa chekechea hachagui kitabu cha picha kwa macho tu. Hukipapasa jalada, kisha hunisomea kurasa mbili kwa sauti huku mimi nafagia darasa. "Dada, kinasomeka hiki?" Nikinyamaza, hukirudisha kabatini. Kiangazi husoma vya jua na vumbi. Masika, vya mvua, na cha chura ndicho watoto wanachokigombania. Mwaka jana, kila alipofika ukurasa wa chura alinyamaza makusudi, na yule mtoto tuliyemwita Kibogoyo akalia kro, kro, mpaka mkeka mzima wa watoto ukavunjika mbavu.

Masika haya yalipoanza, mto ulimchukua Kibogoyo. Mvua ikapiga bati wiki tatu, na mwalimu akasoma vya jua tu, hadi jana binti mmoja alipomletea kile cha chura. "Mwalimu, si mvua hii hapa inanyesha? Tusomee." Akalamba kidole, akafunua, akasoma vizuri tu. Kwenye ukurasa wa chura akanyamaza, kwa mazoea. Watoto wakageukia ile nafasi ya Kibogoyo mkekani. Hakuna aliyelia kro. Mwalimu akaendelea kusubiri.