Jina la Mwanangu Kila Mtu Analisifia, Mimi Linaniua

(Msomaji wetu huyu ameomba tusimtaje. Barua yake tunaitoa kama alivyoileta. Msomeni, kisha mjibuni kwa upole.)

Shikamooni wakubwa zangu mnaosoma ukurasa huu, na wadogo hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, naishi Ifakara, nimeolewa, nina mtoto mmoja na wa pili yuko tumboni. Jina langu nimeomba lifichwe. La mwanangu siwezi kulificha, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Anaitwa Siamini.

Najua mtasema mbona jina zuri. Kila mtu anasema hivyo.

Mume wangu ni dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, huko njia ya Kidatu. Tulipooana mwaka tisini na moja alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, mimi nabaki na shamba la mpunga. Msimu mmoja wa kuvuna miwa alikaa huko muda mrefu bila kuja. Aliporudi nikashika mimba, na mimba ile haikufika miezi yake. Uchungu ulinikuta shambani napalilia, nikakimbizwa hospitali, nikajifungua njiti. Mtoto alikuwa mdogo hata naogopa kumshika. Manesi wakanifundisha kumweka kifuani apate joto langu. Mume wangu alipofika, nesi alimweleza vizuri kwamba mtoto amezaliwa kabla ya wakati. Akaitikia kwa kichwa. Kumbe moyoni alikuwa anahesabu miezi.

Mtoto aliponenepa kidogo tukaruhusiwa. Wazazi wangu walikuja kutoka Mofu na samaki wakavu, majirani wakajaa uani, dua ikasomwa. Baba wa mtoto akaulizwa jina. Akasema, "Siamini." Uani kukawa vigelegele. Baba yangu alifuta machozi, akasema mkwe wake haamini kama mtoto amepona, na kweli nani angeamini. Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele pale mlangoni, mtoto mkononi.

Kesho yake asubuhi, namwogesha mtoto kwenye beseni, mume wangu akaja akasimama pembeni. Akasema taratibu tu, "Wao wameelewa walivyoelewa. Wewe unajua nisichoamini ni nini."

Ndugu zangu, sijawahi kumjua mwanaume mwingine. Nililia, nikaapa, nikamwomba turudi wote kwa yule nesi. Hakunigombeza wala hakunipiga. Alisema yameisha, jina limeshatoka.

Tangu hapo mimi ni Mama Siamini. Nikienda mashine kukoboa mpunga, Mama Siamini. Bombani, Mama Siamini. Mbele za watu mume wangu hulitamka kama wao, harakaharaka, kwa kicheko. Tukiwa wenyewe hulikata katikati, "Si... amini yuko wapi?" huku ananitazama mimi. Na mtoto amefanana naye mpaka mwendo. Watu wakimwambia, anajibu kwamba binadamu wanafanana.

Nilijaribu kumwita mtoto Yasmini. Nikawaambia majirani ndilo jina lenyewe, wao wanalitamka vibaya. Mama yangu mzazi ndiye aliyenikaripia, kwamba naharibu jina la shukrani ambalo mtoto kapewa na baba yake. Ningemjibu nini? Nikimweleza maana yake, si nitakuwa nimejitangaza mwenyewe? Nikaacha.

Nilimwendea mshenga wetu kule Mkula, nikamfungulia moyo wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, wenzako wanakuja hapa wamevunjwa meno. Wewe umeletwa na jina?" Nikamuaga nikarudi.

Mwaka huu mtoto kaanza darasa la kwanza. Wenzake wanamtania, Siamini, huamini nini? Jioni moja baba yake yuko anakula, mtoto akamuuliza kwa nia njema kabisa, "Baba, wewe huamini nini?" Mume wangu aliacha tonge kwenye sahani. Akasema, "Muulize mama yako."

Mtoto akanigeukia. Nikamwambia baba hakuamini kama katoto kadogo vile kangekua hivi. Akafurahi, akatoka kucheza. Baba yake akabaki ananiangalia, akatabasamu, akaendelea kula. Bora angenipiga.

Sasa nina mimba ya miezi minane. Nilimwomba kwa adabu huyu tumpe jina la baba yake au la mama yake, lolote la ukoo wake. Akajibu, "Jina ninalo. Utalisikia watu wakiwepo." Toka siku ile mtoto akicheza tumboni nashtuka badala ya kufurahi. Hata ndoo ya maji naogopa kubeba, nisije nikajifungua kabla ya miezi tena, maana hapo sitakuwa na la kusema.

Mama anataka nikajifungulie Mofu, kaka yangu atoe jina. Lakini nikienda, mume wangu atasema nimekimbia kwa sababu nina la kuficha, na hataniruhusu niondoke na Siamini. Nikibaki, nitasimama tena pale mlangoni na kichanga, nisubiri atakachotamka. Nikiamua kusema mbele za watu wote, binti yangu atakuwepo, atasikia. Ana akili sana. Na mtaa mzima utaanza kumwangalia usoni kutafuta baba yake ni nani.

Mama zangu na baba zangu, zimebaki wiki chache. Sina mwingine wa kumwambia, ndiyo maana nawaambia ninyi msionijua. Watu watakapokaa uani, wakamgeukia mume wangu atoe jina, mimi nifanye nini?