Fundi Chaki, bei yake na mlango wa bafu

Gazeti hili lina heshima ya pekee kuwatangazia wasomaji wake popote walipo kwamba, baada ya utafiti mrefu uliofanywa kwa umakini mkubwa, limempata mtu adimu kuliko almasi, mtu ambaye wenye nyumba wamemlilia kwa miaka mingi: fundi bomba ambaye bei yake haiongezeki.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, mtu huyo adimu amesimama ndani ya bafu la watu, kabandika sikio ukutani, mdomo wazi, kama jirani anayesikiliza ugomvi usiomhusu. Mkanda wa suruali yake ni kipande cha waya.

"Nyamazeni kidogo," anasema. "Linalia hapa."

Linalolia ni bomba. Fundi anagonga ukuta kwa kidole, anasogea, anagonga tena, halafu anachukua nyundo na patasi. Vigae viwili vinabanduka vizima, anavilaza pembeni juu ya gazeti la zamani kama mtoto aliyelala. Pale vilipobanduka kuna bomba lenye kutu, linachuruzika pale pale aliposema.

Mlangoni amesimama mwenye nyumba, mkunga mstaafu mwenye miaka sitini na nane. Mikono ameikunja kifuani. Haangalii bomba, anamwangalia fundi.

Wateja wanamwita Fundi Chaki. Ana miaka arobaini na sita, mke mmoja, watoto watatu, baiskeli moja na mfuko wa koti ambao hauishi vumbi jeupe. Kabla ya kazi yoyote huja siku moja au mbili mapema, hukagua, kisha huandika bei kwa chaki kwenye mlango wa chumba chenye ubovu. Hataki karatasi.

"Karatasi inapotea," anasema. "Mlango hauendi popote. Mteja akiamka anauona, akienda kulala anauona. Mpaka mgeni akija kuoga anajua mimi nitalipwa ngapi."

Kwenye mlango wa bafu la mkunga, tangu Alhamisi, kumeandikwa hivi: bomba la ukutani, koki moja, kazi, elfu arobaini na tano. Chini yake kuna maneno mengine: ndoo, tisa.

Hiyo ndoo ndiyo inayomtofautisha na wenzake. Siku ya ukaguzi, hata kama ameitwa kwa ajili ya koki tu, Chaki hujaza ndoo ya lita ishirini, huimwaga kwenye kila tundu la maji machafu na kuhesabu kwa sauti mpaka maji yaishe. Hesabu hiyo huiandika. Wateja wengine hudhani anafanya dua.

"Nikishaandika bei, siwezi tena kusema sikujua tundu lilikuwa bovu," anaeleza. "Nimemwaga ndoo kwa mkono wangu. Nisipoona kosa la kuonekana, hasara ni yangu. Mwaka juzi nilikula hasara ya elfu sabini kwa uzembe wa namna hiyo. Mama watoto hakuniongelesha siku nne. Ya tano akaniongelesha, nikatamani zile nne."

Siku nzuri, fundi huyu hubaki na elfu kumi na tano mkononi. Siku mbaya hubaki na chaki.

Tabia hiyo ilizaliwa siku ambayo mteja alikuwa yeye mwenyewe. Mwaka aliooa alipanga chumba kimoja, mlango ukawa haufungi. Akaita seremala, wakakubaliana elfu nane. Kazi ilipoisha, seremala akadai nyongeza ya bawaba, kisha ya misumari, kisha ya kupanda ngazi.

"Nikamwambia, ngazi ipi, kaka? Chumba changu kiko chini," Chaki anakumbuka. "Akanijibu kwamba alipanda ya nyumba ya jirani, alipotea njia. Na nililipa! Bibi harusi alikuwa ndani, ningebishana vipi?"

Anacheka mpaka nyundo inamponyoka. Mkunga hacheki.

Naye ana yake. Mwaka jana aliita fundi mwingine kwa kazi ya elfu thelathini, akamaliza kwa elfu tisini na tano. Palikuwa na nyongeza ya gundi, ya mchanga, ya kuubeba mchanga ndani, ya kuutoa mchanga nje, na mwisho kabisa nyongeza ya pole, kwa sababu fundi alijigonga kidole.

"Nimezalisha watoto zaidi ya elfu mbili," mkunga anasema. "Hakuna hata mmoja niliyemtoa nusu, nikasimama, nikamwambia mama yake aongeze kidogo nimalizie."

Ndiyo maana Jumamosi hii ni kubwa kwa Chaki kuliko elfu arobaini na tano. Mkunga ni mweka hazina wa umoja wa wastaafu wenye nyumba kumi na mbili mtaa huohuo, zilizojengwa mwaka mmoja, na mabomba yake yote yanaoza kwa pamoja. Wamekubaliana kutafuta fundi mmoja. Wamemwachia mkunga amjaribu bafuni kwake. Chaki anajua. Mkunga alimwambia Alhamisi, waziwazi: "Mwanangu, ukimaliza kwa bei ya mlangoni, kumi na mbili ni zako. Ukiongeza hata ya soda, tusijuane."

Mpaka saa nne kazi inakwenda kama maji, na msomaji atusamehe kwa kusema hivyo. Bomba jipya limeingia, koki inafunguka kwa kidole kimoja, vigae vimerudi mahali pake. Kimebaki kitendo cha mwisho, ambacho Chaki hakiachi: ndoo ya kumaliza kazi.

Anamwaga. "Moja, mbili, tatu..."

Kwenye tisa, maji bado yamejaa. Kwenye thelathini hayajashuka hata kidogo. Kwenye sitini anaacha kuhesabu.

Mkunga ameyaona. Sauti yake inatoka taratibu, na huo utaratibu ndio unaotisha.

"Nilijua tu. Ukapita huku, ukapita kule, umefika palepale. Haya, taja. Ngapi?"

"Sijataja kitu, mama."

"Utataja. Wote huwa mnaanza kwa kunyamaza."

Jasho linamtoka fundi, na bafuni hakuna joto. Anaegemeza mgongo mlangoni, juu ya chaki yake mwenyewe, kisha anageuka na kuweka kidole kwenye ile tisa.

"Mama, njoo usome hapa. Alhamisi tundu hili lilimeza ndoo kwa hesabu ya tisa, na wewe ulikuwepo. Leo halimezi. Mimi nimefanya kazi ukutani, sijagusa sakafu. Kati ya Alhamisi na leo, humu ndani kumemwagwa nini?"

"Nimwage nini mimi? Jana usiku nimeoga, maji yakaenda vizuri. Naishi peke yangu, ukimtoa mjukuu wangu aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni."

Mkunga anaita jina la mjukuu mara mbili. Mwandishi wa makala haya, ambaye alikuwa ukumbini na daftari lake, anaweza kuthibitisha kwamba hakuna mjukuu aliyeitika.

Chaki anatoka nje, anazunguka nyuma ya nyumba hadi pale bomba la maji machafu linapotokea ukutani na kupinda. Anaingiza waya mrefu kutoka bafuni, unakwama. Anauingiza kutoka nje, unakwama. Robo saa, nusu saa. Waya unarudi kila mara na ncha imelowa na haina kitu.

Hapo kuna njia mbili tu. Aifunge mikoba, aache bafu limejaa maji na nyumba kumi na mbili zimeondoka, au akate kona ya bomba, ambayo imegundishwa na haitafaa tena. Kona mpya na gundi ni elfu nne. Kwa mtu wa elfu kumi na tano kwa siku, elfu nne si ya kuchezea.

"Mama," anasema, "nakata kwa fedha yangu. Kikitoka kipande cha kigae changu, au saruji yangu, hasara nimeibeba na unaweza kunifukuza. Kikitoka kitu cha humu ndani, tutazungumza kama watu wazima."

Mkunga anamtazama kwa jicho lilelile lililowatazama waume wengi waliodai kwamba wao hawaogopi damu.

"Kata," anasema.

Msumeno unalia. Kona inatoka. Maji yanaruka, yanamwosha fundi kuanzia kidevuni, na nyuma ya maji kinachomoka kitu cha kijivu, kirefu, kizito, kinaanguka kwenye majani: pwaa.

Wote wawili wanakiinamia.

Ni soksi. Soksi ndefu ya shule. Kwenye ukingo wake, kwa uzi mwekundu, imeshonwa namba 214.

Kwa wasiojua, wanafunzi wa bweni hushonewa namba kwenye kila vazi ili nguo zisipotee siku ya kufua. Namba hiyo hufuata mtoto mpaka kwenye taulo. Na uzi mwekundu wa namba hii, mshono wake mdogo na wa kubana, unafahamika kabisa kwa mkunga, kwa sababu aliupiga yeye, kwa mkono uleule ulioshona watu wenye maumivu zaidi.

Anainyanyua soksi kwa vidole viwili. Hapandishi sauti.

"Mwandishi," anaita, "hebu njoo na daftari lako."

Wasomaji, gazeti, hata likiwa la shule, lina wajibu wa kusema kweli hata pale inapouma. Mjukuu na mwandishi ni mtu mmoja. Soksi ni yangu.

Niliisukuma mle asubuhi ileile, kabla ya chai, kwa mpini wa ufagio. Nilikuwa na sababu, na ilionekana nzuri sana kabla ya kuieleza mbele ya bibi. Makala nilikuwa nimeshayaandika tangu Ijumaa, kurasa tatu, yenye kichwa "Nyongeza Zafichuliwa Bafuni". Yalikuwa na hasira, takwimu na swali kali kwa wahusika. Kilichokosekana ni nyongeza yenyewe. Nikaona nimpe fundi ubovu wa ghafla, akae peke yake na kishawishi, nami niwe hapo na kalamu.

Sikuwahi kufikiri kwamba angelipa yeye. Nilipomwona, kabla ya kukata, anahesabu elfu nne kutoka mfukoni, noti zimeshikana kwa unyevu, ili akanunue kona, nilitaka kusema. Sikusema. Niliandika "anahesabu noti". Hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi kuliko soksi.

Chaki alinitazama juu mpaka chini, maji yakimdondoka puani.

"Ni huyu anayeniuliza tangu asubuhi kama nimewahi kushawishika?"

"Ndiye," bibi akasema.

Nilisubiri kofi, au hotuba. Fundi alikaa kwenye majani, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaingia ndani na kuandika kwa chaki mstari mpya chini ya bei yake. Ni nyongeza yake ya kwanza kuiandika katika miaka kumi na moja ya kazi: kona na gundi, elfu nne, mdaiwa 214.

Fedha yangu ya matumizi ya muhula ilifunguliwa hapohapo, mbele ya mashahidi.

Kona mpya ilipokaa na ndoo ikaisha kwa hesabu ya tisa, bibi alilipa elfu arobaini na tano, si zaidi, si pungufu. Halafu akatoa orodha ya nyumba kumi na mbili iliyokunjwa mara nne, akampa fundi kwa mikono miwili.

"Anza na ya mwenyekiti," alimwambia. "Bafu lake linanuka, ila usimwambie nimekwambia."

Kazi hiyo itamchukua miezi mitatu. Chaki ameshajua fedha yake ataifanyia nini: atakodi kibanda karibu na duka la vifaa, chenye rafu na kufuli.

"Mabomba yangu yote yapo chini ya kitanda," anasema. "Miaka sita mama watoto analala juu ya mabomba. Akijigeuza, chumba kizima kinalia kama bendi. Nataka siku moja ageuke nisisikie kitu. Hapo nitajua nimefanikiwa."

Kuhusu mwandishi, bibi aliuliza kama nimeshamwomba fundi radhi. Nikamjibu kwamba nitafanya hivyo kwa maandishi, gazetini, mbele ya umma.

"Kwa mdomo," bibi akasema. "Sasa hivi."

Niliomba mara mbili. Mara ya kwanza Chaki aliweka mkono sikioni, akasema hajasikia kwa sababu ya kelele za maji. Maji yalikuwa yamefungwa.